Fundi Aliyeanza kwa Kusikiliza

Kwa muda wa miaka mitatu nilicheza pool juu ya meza niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa muda wote huo niliamini kwamba ninajua kucheza. Mpira uliopigwa taratibu kuelekea upande wa mbali ulikuwa ukifika robo tatu ya safari yake, kisha unaanza kukata kushoto kama mtu aliyekumbuka jambo njiani, nami nilikuwa nimejizoeza kulenga kulia kidogo ili uangukie pale nilipoutaka. Wageni walipokosa, niliwacheka. Nilipokosa mimi, nililaumu sakafu.

Nilikuwa nimejaribu dawa zote za mtu asiyejua ugonjwa. Nilikunja maboksi nikayasokomeza chini ya mguu mmoja wa meza, kisha chini ya mguu wa pili ili kurekebisha kosa la ule wa kwanza. Baadaye nilimwita fundi mmoja aliyefika na begi kubwa, akang'oa kitambaa cha zamani, akatandika kipya, akaondoka asubuhi ile ile. Kitambaa kilipendeza kweli. Mpira uliendelea kukata kushoto, tofauti ikiwa kwamba sasa ulifanya hivyo juu ya kitambaa kizuri zaidi.

Fundi wa pili, ambaye ndiye ninayetaka kumweleza hapa, nilielekezwa na mchezaji mmoja anayenizidi sana kwa uwezo. Aliingia, akasalimia, akaweka mkoba wake sakafuni bila kuufungua. Akatoa mfukoni mpira mmoja uliofungwa kwenye kitambaa laini, akaufuta, akauweka mezani na kuusukuma kwa kidole kimoja, polepole kiasi kwamba nilidhani hautafika popote. Alifanya hivyo kwa urefu wa meza, kwa upana wake na kwa mshazari, kisha akahamia upande wa pili na kuanza upya. Baada ya hapo aliomba mpira mmoja katika ile yangu na kurudia safari zile zile. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na mipira miwili. Akanijibu kwamba mpira nao una makosa yake: ukiwa haukusawazishwa vizuri ndani unaweza kukata upande kwa sababu zake wenyewe, na mtu akaishia kuifungua meza isiyo na hatia. Mipira yote miwili ikielekea upande ule ule wa chumba, ukitokea mwisho wowote wa meza, basi lawama ni ya meza.

Kisha akaanza kupiga kingo kwa kiganja, moja baada ya nyingine, huku ameinamisha kichwa. Meza yangu, kama nyingi za aina yake, ina kingo sita zilizofungwa kwa bolti zinazoingia kutoka chini ya meza. Tano zilitoa sauti nzito na fupi. Ya sita ilitoa sauti iliyokawia kidogo, na aliniambia niweke mkono wangu juu yake huku yeye akipiga. Mtetemo niliusikia mkononi kabla ya masikioni. Kwa miaka mitatu nilikuwa najua kwamba mpira ukigonga ukingo ule hurudi kivivu, na nilikwisha kuamua kwamba mpira wake wa pembeni, yaani ule utepe wa raba unaoirudisha mipira ya kuchezea, umezeeka. Nilikuwa tayari kabisa kununua mipira mipya ya pande zote sita.

Fundi alibonyeza mpira huo kwa kidole gumba, akachungulia ulipobandikwa, akasema, "Huu bado mzima, bwana. Ukifa nitakwambia. Kilicholegea ni bolti."

Nilirudia kumwambia kwamba niko tayari kulipia mipya. Alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba mpira uliokufa hukauka na kuwa mgumu, na ukigongwa hutoa sauti ya mbao. Ndiyo maana kugunduliwa kwa njia ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto, ambayo Charles Goodyear aliisajili nchini Marekani mwaka 1844, kulibadilisha sana mchezo huu. Kabla ya hapo mpira wa kingo uligeuka mgumu kwenye baridi na laini kwenye joto, na mchezaji hakujua meza ataikuta katika hali gani. Alisema hayo akiwa anafungua mkoba, bila kuniangalia, na mada ya mipira mipya haikurudi tena. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona fundi akiikataa kazi ambayo mteja ameiomba mara mbili.

Kuna jambo lingine lililonishangaza mapema. Kila aliyewahi kuita fundi anajua kwamba shughuli ya kwanza ya fundi mpya ni kumsema fundi wa zamani, na mimi, nikiri, nilikuwa nimejiandaa kulifurahia hilo. Aliponiuliza ni nani aliyetandika kitambaa, nilimsimulia yote kwa urefu na kwa chumvi kidogo. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, akasema, "Amekivuta vizuri." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tukaone kilicho chini."

Kilicho chini ni jiwe. Watu wengi wanaocheza pool hawajawahi kuliona, na mimi nilikuwa mmoja wao. Meza ya futi 9, yenye uwanja wa kuchezea wa sentimita 254 kwa 127, kwa kawaida hulala juu ya vipande vitatu vya sleti vyenye unene wa milimita 25 hivi, na kila kipande kinataka watu wawili wenye migongo mizima kukiinua. Mtengenezaji wa meza wa London, John Thurston, alianza kutumia sleti mwaka 1826, kwa kuwa mbao zilizotumika awali zilijipinda kila hali ya hewa ilipobadilika. Jiwe halijipindi hivyo. Lakini vipande vitatu vina viungo viwili, na uhai wote wa meza umo katika viungo hivyo na katika fremu ya mbao inayovibeba.

Kabla ya kufungua, aliniambia waziwazi kwamba kitambaa kikishakatwa kwenye mashimo hakirudi mahali pake kwa urahisi, kwamba atajaribu kukiokoa kwa sababu bado ni kipya, na kwamba huenda asifaulu. Aliziandika kingo namba kwa penseli upande wa chini. Pini za kitambaa alizing'oa moja moja kwa ncha ya bisibisi nyembamba, akizikusanya kwenye kopo, na kitambaa akakiviringisha kwenye bomba la plastiki ili kisipate mikunjo.

Jiwe lilipobaki wazi, nilitazama na sikuona kasoro yoyote. Lilikuwa la kijivu, baridi, limenyooka kama maji ya mtungini. Aliniambia nifumbe macho na nipitishe ncha ya kidole polepole kutoka kipande cha katikati kwenda kile cha mwisho. Nilipofika kwenye kiungo, kidole kiliteremka. Sijui neno jingine la kulieleza jambo hilo. Kilikuwa kishuko chembamba kuliko karata moja, ambacho jicho langu lilikuwa limekataa kukiona, na kidole kilikijua mara moja. Mtu fulani alikuwa amekijaza kwa ujazo mgumu unaotumika kuziba mabati ya magari, akapiga msasa, akafunika. Akiwa amefunika, nani angejua?

Nilitegemea kwamba sasa atasema neno kuhusu mtu huyo. Alichukua bapa la chuma na kuanza kukwangua.

Kusawazisha kulichukua sehemu kubwa ya siku, na sehemu hii ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, ingawa kwa mtu aliyesimama mlangoni ingeonekana kama watu wawili wasiofanya lolote. Kwanza aliondoa maboksi yangu chini ya miguu, akayaweka kando kwa adabu. Alisawazisha fremu kwenye miguu yake, kisha akahamia kwenye mawe. Pima maji aliyoitoa ilikuwa fupi na nzito, iliyohifadhiwa kwenye sanduku lake la mbao, na alinieleza kwamba kiputo chake kikihama mstari mmoja tu, tofauti ni ya takriban milimita 0.4 katika urefu wa mita moja. Pima maji ya mwashi ingesema meza yangu haina tatizo. Na kweli, kwa ukuta isingekuwa na tatizo.

Alianza na jiwe la katikati, kwa kuwa mengine mawili hulifuata hilo. Alilegeza skrubu, akaingiza kabari nyembamba ya mbao kati ya jiwe na fremu, akaigonga mara mbili kwa nyundo ndogo, akakaza skrubu, akatazama kiputo. Akaigeuza pima maji nyuzi 180 mahali pale pale, akatazama tena, maana hata kipimo hakukiamini bila kukihoji. Kisha akahama kiasi cha shibiri mbili na kuanza tena. Mimi nilikuwa mshika taa. Baada ya saa ya kwanza nilianza kuchoka, na baada ya saa ya pili nilianza kutazama kiputo kwa hamu kama yeye.

Kanuni za chama cha dunia cha pool, WPA, zinataka meza iweze kusawazishwa kwa tofauti isiyozidi milimita 0.5 kwa urefu na milimita 0.25 kwa upana. Aliponitajia hesabu hizo tulikuwa tumekwisha kufika hapo, na mimi nilikwisha kuanza kukusanya vifaa nikidhani tumemaliza. Alikuwa amelala chali chini ya meza, akigonga kabari moja moja kwa ukucha wa kidole. Moja ilimjibu kwa namna asiyoipenda. Pima maji ilisema mambo ni sawa, mawe yalikuwa yamekaa, na kabari ile isingeonekana tena kwa miaka kadhaa. Aliing'oa.

"Leo inashika," alisema kutoka chini huko. "Mwezi ujao haitashika." Alichonga nyingine kwa patasi, akaijaribu, akaipunguza unywele mmoja, akaijaribu tena, na upande ule wote wa meza ikabidi upimwe upya.

Ninafanya kazi ya kukagua hesabu za watu wengine, na usiku ule nililala nikizifikiria safu za tarakimu ambazo nimewahi kuziacha zipite kwa sababu jumla ilikuwa imekuja sawa.

Viungo vilizibwa kwa nta ya nyuki. Alilipasha jiwe joto kwa moto mdogo wa gesi kwanza, ili nta isikutane na baridi ikaganda juu juu bila kushika, kisha akaiyeyusha ikaingia kwenye ufa kama maji, akangoja. Ilipokuwa haijawa ngumu kabisa alipitisha bapa lake pana, na nta iliyozidi ikajikunja mbele ya chuma kama maranda ya mbao. Kulitokea harufu nzuri sana. Aliniita nifumbe macho tena. Kidole kilipita kutoka jiwe hadi jiwe bila kupewa habari yoyote.

Siku ya kwanza iliishia hapo, na iliishia kwa mimi kukasirika. Bolti ya ukingo wa sita haikuwa imelegea tu. Nati yake iliyozamishwa ndani ya mbao ilikuwa imepoteza mshiko na ilizunguka pamoja na bolti, hivyo kila aliyewahi kuikaza alikuwa akikaza hewa. Aliitoa, akasafisha tundu, akazamisha nati mpya kwa gundi, akasema gundi hiyo inataka kulala. Nilimwambia kwamba nimealika watu jioni ya kesho. Nilimwuliza kama hawezi kufunga sasa na gundi ikaukie humo humo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Naweza kufunga," alisema. "Lakini itakuwa nimekufungia sura ya meza."

Aliondoka, akaniachia chumba kilichojaa vipande. Wageni niliwaambia wasije. Siku ya pili alirudi kwa saa aliyoahidi, akafunga kingo kwa majaribio, akapima urefu wa ncha ya mpira wa kila ukingo kutoka juu ya jiwe. Mpira wa kuchezea una kipenyo cha milimita 57.15, na ncha ya ukingo inatakiwa kuugusa juu kidogo ya kiuno chake, kwenye asilimia 63.5 ya kimo, yaani milimita 36 na ushee. Ikigusa chini ya hapo mpira huruka. Ikigusa juu mno huukandamiza kwenye kitambaa na kuula nguvu. Kingo tano zilikuwa sahihi. Ya sita, baada ya nati kushika, ilijirekebisha yenyewe.

Kosa lake lilikuja alipoziondoa kingo tena ili kurudisha kitambaa. Alikuwa akikivuta kwenye kona ya mwisho, na mkato wa zamani wa shimo ukaendelea kuchanika kiasi cha nusu ukucha. Mimi nilikuwa dirishani nikizungumza kwenye simu. Mpasuko ule uliangukia chini ya mdomo wa shimo, mahali ambapo nisingepaona hata siku moja. Alisubiri nimalize simu, akaniita, akauinua ukingo wa kitambaa kwa kidole ili niuone vizuri. Alisema hautaathiri mchezo, kwamba ameuwekea kiraka kwa chini ili usiendelee, na kwamba kitambaa kitakapobadilishwa siku yoyote ile, kazi ya kukitandika itakuwa juu yake. Hakulaumu mkato wa zamani, ingawa angeweza, na kusema kweli ingekuwa haki yake. Nilimwambia si kitu. Akanijibu, "Ni kitu, ndiyo maana nimekuonyesha," akaendelea kuvuta, kidogo huku, kidogo kule, akipitisha kiganja kutoka katikati kwenda pembeni kama alivyofanya siku ya kwanza.

Kabla ya kufunga kila kitu nilimwona akiandika kwa penseli kwenye mbao ya fremu: tarehe, mahali zilipo kabari, ukingo wenye nati mpya. Jina lake hakuliandika. Nilipomwuliza, alisema atakayeifungua meza hii baada yake atataka kujua nini kimefanyika, na hayo ndiyo aliyomwandikia. Akaniambia pia kwamba mbao zitajikalisha katika wiki za kwanza, na kwamba nimwite ikiwa nitaona lolote.

Nilimwita baada ya wiki tatu, tena kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Tangu aondoke nilikuwa nikikosa mipira ambayo ningeiingiza usingizini. Mipira mirefu hasa, ile ya polepole, ilikuwa ikigonga mdomo wa kulia wa shimo na kubaki nje ikinitazama. Wageni wangu wa zamani walikuwa wakinifunga na kufurahi kupita kiasi. Nilimweleza yote hayo kwenye simu na kumdokeza, kwa maneno ya kistaarabu kiasi, kwamba huenda safari hii amepitiwa.

Alikuja bila kujitetea. Aliweka mkoba chini, akatoa mpira wake kwenye kitambaa laini, akausukuma kwa kidole. Kisha akatoa pima maji. Kwenye kona moja kiputo kilikuwa kimehama nusu mstari, akanionyesha, akaingia chini ya meza na kuirekebisha kwa dakika chache. Ningeweza kuridhika na hapo, na yeye angeweza kuniacha niridhike. Lakini alipotoka chini alisema kwamba alichorekebisha ni kidogo mno kuweza kuwa sababu ya malalamiko yangu, akachukua fimbo ukutani, akanikabidhi, akauweka mpira mweupe kwenye mwisho mmoja na mwingine karibu na shimo la mbali.

"Piga unavyopiga siku zote."

Nilipiga. Mpira ulinyooka kama uzi kuelekea mdomo wa kulia, ukagonga, ukarudi. Nilipiga tena, ukafanya vile vile. Mara ya tatu hakuutazama mpira hata kidogo. Alikuwa amesimama nyuma yangu akiitazama fimbo.

"Meza imenyooka, bwana," alisema kwa upole. "Wewe bado unalenga ile ya zamani."